Kongosho Halikuonekana Vizuri: Ultrasaundi ya Tumbo Tuiamini Kiasi Gani?

Mtu akiumwa chembe cha moyo hapa Tanga, njia yake inajulikana. Ataanza na dawa za vidonda vya tumbo kutoka duka la dawa la mtaani, awe Ngamiani, Makorora au Chumbageni. Zisipomsaidia ataambiwa ni gesi. Wiki zikipita na maumivu yapo palepale, sasa yakipenya hadi mgongoni, mkubwa mmoja wa nyumba atasema, "Hebu akapigwe ultrasaundi." Na atapigwa, kwa kuwa ni kipimo kilicho karibu, hakichomi, hakitumii mionzi, na gharama yake familia inaweza kuichanga. Majibu hutoka siku hiyohiyo: ini halina tatizo, figo ziko sawa, bandama iko sawa, mfuko wa nyongo hauna mawe, kongosho ni la kawaida.

Hilo la kongosho ndilo ninalotaka tulizungumze kwa kirefu. Ultrasaundi ni kipimo kizuri na nitaitetea humu, lakini kwa kiungo hiki majibu yake hayana uzito sawa pande zote mbili. Ikikuta kitu, iwe jiwe, mrija uliotanuka au uvimbe, mara nyingi kitu hicho kipo kweli. Isipokuta kitu, bado hujajua lolote mpaka uulize: kongosho lenyewe lilionekana kiasi gani? Wagonjwa wengi hawaulizi, na karatasi nyingi hazisemi.

Lilikojificha

Kongosho la mtu mzima lina urefu wa takriban sentimita 15. Limelala kwa upana, ndani kabisa, mbele ya uti wa mgongo na mishipa mikubwa ya damu. Kichwa chake kiko upande wa kulia, kimekumbatiwa na duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba. Kiwiliwili kinapita nyuma ya mfuko wa chakula. Mkia unaishia kushoto, karibu na bandama. Kiungo hiki hutengeneza juisi yenye vimeng'enya vya kusaga mafuta, protini na wanga, ambayo hupita kwenye mrija mwembamba na kumwagika ndani ya duodeni. Hutengeneza pia insulini, ambayo huingia moja kwa moja kwenye damu. Kwa watu wengi mrija wa kongosho na mrija wa nyongo huishia mahali pamoja pale kwenye duodeni. Msomaji aukumbuke ujirani huo, maana mengi yatakayofuata yanatokana nao.

Sasa mashine. Ultrasaundi hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii. Kwa tumbo la mtu mzima ni ya megahezi 2 hadi 5 hivi. Mawimbi hupenya nyama na maji, na kila yanapokuta mpaka wa tishu mbili zisizofanana, sehemu yake hurudi. Hayo yanayorudi ndiyo mashine inayoyageuza kuwa picha. Adui yake mkubwa ni hewa. Mpaka wa nyama na hewa hurudisha karibu mawimbi yote, hivyo kilichoko nyuma yake hakifikiwi kabisa. Jeli ile ya baridi anayopakwa mgonjwa haina dawa ndani yake; kazi yake ni kuondoa hewa kati ya ngozi na kichwa cha mashine. Lakini hakuna jeli ya kupaka ndani. Mfuko wa chakula, duodeni na utumbo mpana unaokatiza tumboni hukaa mbele ya kongosho au kando yake, na vyote hubeba hewa. Mvuvi wa Sahare anayetazama mwamba chini ya maji huuona maji yakitulia. Povu likitanda haoni kitu, ingawa mwamba haujahama.

Mafuta ya tumboni nayo huyachosha mawimbi kabla hayajafika. Mpimaji anaweza kuchagua mawimbi ya megahezi chache zaidi ili yafike mbali, lakini hapo hupoteza ukali wa picha, na vitu vidogo hupotea. Kwa mtu mnene, basi, kongosho liko mbali zaidi na picha yake ni hafifu zaidi.

Daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow walipochapisha mwaka 1958 taarifa yao ya kuchunguza uvimbe wa tumboni kwa mawimbi haya, kilichowapa sifa ni uvimbe wa maji wa ovari na mimba. Hivyo ni vitu vilivyojaa maji, na maji ni rafiki wa ultrasaundi. Mpaka leo kipimo hiki hung'ara kwenye mimba, kibofu, mfuko wa nyongo na figo. Kongosho halikuwahi kuwa uwanja wake mwepesi.

Mkono wa mpimaji na kitumbua cha asubuhi

"Mama, umekula chochote leo?"

"Sijala, mwanangu. Chai tu na kitumbua."

Mazungumzo ya namna hii hupita kila siku katika vyumba vya vipimo, na mara nyingi kipimo huendelea, kwa kuwa mgonjwa ametoka Pangani au Mkinga na nauli ya kurudi kesho hana. Nawaelewa wote wawili. Lakini mgonjwa anapaswa kujua kilichopotea. Kwa ultrasaundi ya tumbo la juu huhitajika kufunga chakula saa 6 hadi 8. Chakula huleta hewa mbele ya kongosho, na pia huufanya mfuko wa nyongo unywee, kwa hiyo hata mawe yaliyomo huwa magumu kuonekana. Soda, ubani wa kutafuna na sigara huongeza hewa inayomezwa. Maji matupu kidogo hayana shida, na mwenye dawa za kila siku, hasa za kisukari, amuulize daktari namna ya kuzitumia siku hiyo badala ya kuziacha kwa uamuzi wake mwenyewe.

Mpimaji mzoefu hakati tamaa akikuta hewa. Humwambia mgonjwa avute pumzi ndefu aizuie, ili ini lishuke na kuwa dirisha la kuchungulia. Humgeuza ubavu, humkalisha, hubonyeza taratibu ili utumbo usogee. Mkia huutafuta kupitia bandama, kutoka kushoto. Kuna na mbinu ya kumnywesha mgonjwa vikombe kadhaa vya maji: mfuko wa chakula ukijaa maji, mahali palipokuwa na hewa panakuwa na njia, na kongosho lililokuwa limefichika linajitokeza. Ni mbinu ya bei ya maji tu, nami nasikitika kila ninaposikia haikutumika kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Hapa ndipo ultrasaundi inapotofautiana na picha ya CT, ile ya kompyuta inayotumia mionzi. Picha ya CT hutunzwa nzima, na mtaalamu mwingine aliye Dar es Salaam anaweza kuisoma upya na kutoa maoni yake. Ultrasaundi husomwa na aliyeshika kichwa cha mashine wakati uleule anaposhika. Picha chache zinazochapishwa ni zile alizochagua yeye. Asipopitisha mkono mahali fulani, mahali hapo hapamo kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo watu wawili waliopimwa kwa mashine ya aina moja wanaweza kuwa wamepata vipimo viwili tofauti kabisa.

Maumivu ya ghafla

Kongosho linaweza kuvimba kwa ghafla. Maumivu huwa makali, juu ya kitovu, mara nyingi yakipenya mgongoni, na mgonjwa hutapika mfululizo. Visababishi vikubwa duniani ni viwili: mawe ya nyongo na pombe. Jiwe dogo likitoka kwenye mfuko wa nyongo hukwama pale mirija miwili inapokutana, na juisi ya kongosho hukosa pa kupita. Pombe ina njia zake nyingine za kuliumiza kongosho, na mnazi au gongo havina msamaha katika hilo. Mafuta ya damu aina ya traigliseraidi yakipanda kupita milimoli 11 kwa lita nayo huweza kuwasha moto huo. Katika nchi za joto kuna pia minyoo ya tumbo, wale warefu wa mviringo, ambao mmoja huweza kupanda na kuingia kwenye mrija wa nyongo au wa kongosho. Huyo ultrasaundi humwona vizuri, akiwa uzi mrefu ndani ya mrija, na pengine akijinyonganyonga.

Ajabu ni kwamba kwenye ugonjwa wenyewe wa kuvimba ghafla, ultrasaundi si shahidi mkuu. Kwa vigezo vya kimataifa vilivyofanyiwa marekebisho mwaka 2012, vinavyojulikana kama vya Atlanta, daktari huhitaji mambo mawili kati ya matatu: maumivu ya aina ile, kipimo cha damu cha lipasi au amilasi, ambavyo ni vimeng'enya vya kongosho, kilichopanda angalau mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida, au dalili kwenye picha. Maana yake mgonjwa mwenye maumivu hayo na lipasi iliyopanda hivyo ameshathibitika, hata kama ultrasaundi imesema kongosho halina neno. Na itasema hivyo mara nyingi. Kongosho likivimba, utumbo ulio jirani hugoma kusukuma chakula na kujaa hewa. Kwa robo hadi theluthi hivi ya wagonjwa hawa, kongosho halionekani sawasawa kabisa. Ugonjwa ukiwa mwepesi, hata likionekana linaweza kuwa na sura ya kawaida.

Kwa nini basi kila mgonjwa wa namna hii apigwe ultrasaundi? Kwa ajili ya jirani yake. Mawe yaliyomo ndani ya mfuko wa nyongo ultrasaundi huyaona kwa zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100, na hakuna kipimo cha bei hiyo kinachokaribia. Ikikuta mawe, chanzo kimejulikana, na mgonjwa atahitaji kuondolewa mfuko wa nyongo ili asirudi tena hospitali na maumivu yaleyale. Jiwe lililokwisha kushuka kwenye mrija mkuu ni habari nyingine. Sehemu ya chini ya mrija hupita nyuma ya duodeni yenye hewa, na ultrasaundi huyakosa mawe mengi ya huko. Mpimaji makini hutazama alama ya pembeni: mrija wa nyongo umetanuka? Ukiwa umetanuka, kuna kinachouziba, hata kama chenyewe hakikuonekana.

Jambo jingine ambalo ndugu wa wagonjwa hunilalamikia ni kwamba hospitali "haikumpeleka CT haraka". Mara nyingi madaktari walikuwa sahihi. Siku za mwanzo CT nayo haionyeshi vizuri sehemu za kongosho zilizokufa. Picha yake huwa wazi zaidi baada ya siku 3 au 4. Hupigwa mapema pale utambuzi unapotia shaka au hali inapozorota. Kinachookoa maisha saa za kwanza ni maji ya mishipani, dawa za maumivu na uangalizi wa karibu.

Baadaye ultrasaundi hurudi kwenye heshima yake. Wiki kadhaa baada ya ugonjwa, maji yanaweza kujikusanya karibu na kongosho na kujijengea ukuta. Kuyafuatilia yanapungua au yanaongezeka ni kazi ambayo ultrasaundi inaifanya vizuri, mara nyingi kadiri itakiwavyo, bila mionzi.

Ugonjwa wa muda mrefu, na neno kuhusu muhogo

Kongosho likiumia kwa miaka hujaa makovu na chembe za chokaa, na mrija wake mkuu, ambao kwa kawaida hauzidi milimita 3 hivi, hutanuka. Mgonjwa huumwa kwa vipindi, hukonda, hutoa choo chenye mafuta na harufu kali, na wengine hupata kisukari. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba ultrasaundi huona ugonjwa huu kwa wagonjwa 67 hivi kati ya 100. Lakini katika watu 100 wasio nao, 98 haiwasingizii. CT ilikadiriwa kuona 75 kati ya 100. Tafakari tarakimu hizo: pengo kati ya mashine ya Tanga mjini na mashine ghali kuliko hiyo halikuwa kubwa hivyo, na ultrasaundi ilipotamka kwamba ugonjwa upo, haikukosea mara nyingi. Akiwa na mawe kwenye kongosho na mrija mpana, mgonjwa hana sababu ya kudharau karatasi eti ni "ultrasaundi tu". Wanaoiponyoka ultrasaundi ni wale ambao ugonjwa wao ni mchanga, makovu yakiwa bado hayajageuka chokaa. Hao hata CT huwakosa.

Katika nchi za joto imeelezwa aina moja ya ugonjwa huu inayowapata vijana, wasiokunywa pombe, wenye mawe makubwa ndani ya mrija wa kongosho na kisukari kinachofuata. Kusini mwa India ndiko ulikochunguzwa zaidi, na umeripotiwa Afrika pia. Muhogo ulitiliwa shaka kwa miaka mingi kwa sababu ya sumu ya sianidi iliyomo kwenye aina chungu. Kwa kuwa Tanga muhogo ni chakula cha kila siku, wa nazi, wa kuchoma, wa kukaanga na pilipili, niseme wazi: shaka hiyo haikuthibitishwa. Wapo walaji wengi wa muhogo wasiougua, na wagonjwa wengi wasioula. Baadaye ilibainika kwamba mabadiliko fulani ya kurithi yana mchango. Muhogo mchungu uandaliwe ipasavyo kwa sababu zake nyingine. Kuuacha kwa hofu ya kongosho hakuna msingi.

Saratani

Hapa ndipo tofauti ya kuona na kutoona huwa na gharama kubwa kuliko pote. Tafiti kuhusu uwezo wa ultrasaundi ya kawaida kugundua saratani ya kongosho hazikubaliani: nyingine zilipata karibu nusu ya wagonjwa, nyingine karibu 9 kati ya 10. Tofauti kubwa namna hiyo inaeleweka ukiangalia ni nani aliyepimwa na nani aliyepima. Uvimbe uliofika sentimita 3 huonekana kwa urahisi mikononi mwa mtaalamu. Ulio chini ya sentimita 2 hupotea mara nyingi, na huo ndio ambao kuugundua kungekuwa na faida kubwa, kwa kuwa upasuaji ndiyo tiba yenye matumaini ya kuponya, na hufaa mapema.

Mahali uvimbe ulipo pana uzito wake. Nyingi ya saratani hizi huanzia kichwani mwa kongosho, penye ule ujirani wa mirija. Uvimbe huubana mrija wa nyongo. Macho huwa ya njano, mkojo huwa mweusi, choo hupauka, mwili huwasha. Wengine hawaumwi hata kidogo, na kwa kuwa hawaumwi huchelewa, wakinywa dawa za mitishamba za "manjano". Kwa mgonjwa huyu ultrasaundi ni kipimo bora cha kuanzia: itaonyesha kama mirija ya nyongo imetanuka, na ikikuta mrija wa nyongo na wa kongosho vyote viwili vimetanuka, hiyo ni ishara nzito ya uvimbe kichwani mwa kongosho hata kama uvimbe wenyewe hauonekani. Daktari haishii hapo, humtafutia CT.

Uvimbe wa mkiani haumbani jirani yeyote. Hukua kimyakimya mahali ambapo ultrasaundi huona kwa shida zaidi. Dalili zake ni hizi ambazo sote tumezizoea kuziita gesi au umri: kukonda, kukosa hamu ya kula, maumivu ya mgongo, kisukari kilichozuka ghafla kwa mtu mzima anayekonda. Mwongozo wa taifa wa Uingereza kwa madaktari unasema mwenye miaka 60 na zaidi aliyepungua uzito na ana mojawapo ya dalili kama kuhara, maumivu ya mgongo, maumivu ya tumbo, kichefuchefu, kutapika, kufunga choo au kisukari kipya, afikiriwe kupigwa CT ndani ya wiki 2. Ultrasaundi ya haraka imetajwa pale CT inapokosekana. Mpangilio huo una maana yake. Ultrasaundi pale ni mbadala, na mbadala ukitoka safi kwa mtu mwenye dalili hizo, shaka haijaondoka.

Sisemi kila mwenye kisukari kipya aingiwe na hofu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 uliwafuatilia watu wenye miaka 50 na zaidi waliogunduliwa kisukari, na waliokutwa na saratani ya kongosho ndani ya miaka 3 hawakufika 1 kati ya 100. Kinachopaswa kumshtua daktari ni kisukari kipya kikiandamana na kukonda kusikoelezeka.

CT inayopigwa maalumu kwa kongosho, kwa sindano ya dawa ya kung'arisha mishipa, hugundua takriban 9 kati ya 10 ya saratani hizi. Ina mionzi, na ile dawa inahitaji figo zitazamwe kwanza. Kwa vinundu vidogo kuna kipimo kilichobuniwa kwa sababu ya adui yuleyule, hewa: mwaka 1980 madaktari waliripoti kufunga kichwa kidogo cha ultrasaundi kwenye ncha ya endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, na kukiteremsha mpaka ndani ya tumbo. Kikiwa humo, kongosho liko sentimita chache tu, hakuna mafuta ya tumbo wala utumbo wa kuziba njia. Kwa uvimbe ulio chini ya sentimita 2 kipimo hiki huishinda CT, na sindano inaweza kupitishwa humohumo kuchukua kinyama. Ni kipimo cha hospitali chache kubwa na mafunzo yake ni marefu. Jina la ultrasaundi wanalishiriki, lakini uwezo wao unatofautiana sana.

Kwa mtu asiye na dalili yoyote, mambo hugeuka. Jopo la Marekani linaloshauri kuhusu uchunguzi wa kinga lilirudia mwaka 2019 ushauri wake kwamba watu wazima wasio na dalili wasichunguzwe saratani ya kongosho. Ugonjwa ni nadra kwao, vipimo hutoa hofu za bure, na hofu hizo huishia kwenye vipimo vya hatari zaidi. Wenye historia nzito ya ugonjwa huu katika familia huhesabiwa kando. Kwa hiyo ofa ya "kupima mwili mzima" yenye ultrasaundi ndani yake isimpe mtu uhakika kuhusu kongosho. Kipimo cha damu kiitwacho CA 19-9, ambacho nacho siku hizi huuzwa kwenye vifurushi, hupanda hata kwa mrija wa nyongo ulioziba kwa jiwe, na wapo watu ambao miili yao haitengenezi kabisa kitu hicho kinachopimwa hata wakiwa na saratani.

Kisukari hakionekani kwa picha

Nimeulizwa mara nyingi na wenye sukari kama wapige ultrasaundi "waone kongosho linafanya kazi". Ultrasaundi huonyesha umbo. Seli zinazotengeneza insulini ni visiwa vidogo mno, asilimia 1 hadi 2 hivi ya kongosho, vilivyotawanyika ndani yake. Kongosho lisilotoa insulini hata tone linaweza kuwa na picha nzuri. Kazi hupimwa kwa damu, na uwezo wa kusaga chakula hupimwa kwa kipimo cha choo kinachotafuta kimeng'enya cha elastasi.

Kuna pia ile taarifa kwamba kongosho linang'aa kuliko kawaida. Mara nyingi ni mafuta yaliyojipenyeza ndani yake, jambo la kawaida kwa umri mkubwa na unene. Linahusiana na kisukari na mafuta kwenye ini, na ni sababu nzuri ya kupunguza kitambi. Si saratani, wala halihitaji vidonge vya kusafisha kongosho vinavyouzwa mitandaoni.

Karatasi mkononi

Majibu huandikwa kwa Kiingereza, na mgonjwa ana haki ya kusomewa. Muulize mpimaji au daktari wako: kichwa kilionekana? Kiwiliwili? Mkia je? Mrija mkuu ulipimwa, na una milimita ngapi? Karatasi iliyoandika kwamba mkia ulizibwa na gesi ni karatasi ya mpimaji mwaminifu, na naiamini kuliko ile iliyoandika neno moja, "kawaida", kwa mtu mnene aliyetoka kula. Kutoonekana hakumaanishi ubaya. Kunamaanisha kipimo hakijafanyika kwa sehemu hiyo.

Hatua inayofuata inategemea mgonjwa. Kijana mwenye kiungulia, anayekula vizuri na hajakonda, anaweza kurudia ultrasaundi akiwa amefunga chakula ipasavyo, au asirudie kabisa ikiwa dawa zimemsaidia. Simshauri auze mbuzi aende kutafuta CT. Mzee wa Muheza aliyepungua kilo kadhaa bila kutaka, anayeshindwa kulala chali kwa maumivu ya mgongo, ni suala lingine. Huyo apate rufaa kutoka Bombo au hospitali yoyote anakotibiwa, kwenda kwenye CT, iwe Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi au karibu zaidi inapopatikana, na ultrasaundi safi isitumike kumzuia. Dalili ndizo zimwongoze daktari, kwa sababu safari ya Dar es Salaam ni kilomita zaidi ya 300 na familia inapaswa kujua kwa nini inaenda. Waende na picha zilizopo pamoja na majibu ya damu, maana karatasi ya majibu peke yake haimwonyeshi daktari wa huko kilichoonekana.

Mwenye macho ya njano, homa yenye kutetemeka na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu asikae nyumbani kusubiri asubuhi afunge chakula. Hiyo yaweza kuwa nyongo iliyoziba na kuingiliwa na bakteria, na hali hubadilika kwa saa. Aende usiku huohuo, hata kama ametoka kula wali, na apimwe hivyohivyo: mirija ya nyongo iliyotanuka ndani ya ini huonekana bila kufunga.